Matundu ya Kutolea Maji Karibu na Mstari wa Maji: Usalama wa Boti za Injini katika Maziwa ya Singida

Mhadhara wa hadhara uliotolewa Singida



Lengo la mhadhara huu ni kueleza hatari iliyomo katika matundu madogo ambayo watengenezaji wa boti huyatoboa kwa nia njema, ili maji yaliyoingia chomboni yapate pa kutokea, na kuonyesha kwamba usalama wa matundu hayo haupimwi boti ikiwa tupu ufukoni, bali hupimwa ikiwa imepakia, imeinama na imesimama. Tundu lililo chini kabisa ya maji huogopwa na kila baharia, na kwa sababu huogopwa hukaguliwa. Tundu lililo juu kidogo ya maji huaminiwa, na kwa sababu huaminiwa husahauliwa, ingawa linaweza kuwa chini ya maji mara tu abiria wa kumi anapoingia. Hilo tundu la pili ndilo linalozungumziwa leo.

Huenda ikaonekana si kawaida mada ya namna hii kuletwa katika mkoa unaojulikana kwa alizeti, vitunguu na kuku wa kienyeji, ulio mamia ya kilomita kutoka Bahari ya Hindi. Hata hivyo, mji wa Singida wenyewe umekaa kati ya maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai, na upande wa Iramba liko Ziwa Kitangiri, linalopokea maji ya Wembere na kuyapeleka Ziwa Eyasi kwa Mto Sibiti, ziwa ambalo limelisha watu kwa perege na kambale kwa vizazi vingi. Vyombo vingi vya maziwa haya bado ni mitumbwi na mashua ndogo zinazokwenda kwa kasia na pondo, lakini injini ya kufunga nyuma haichagui ziwa, na panapopatikana soko la samaki, doria au wageni wa kutembezwa, boti za mbao na za fiba hufuata. Tena, Singida ni mkoa wa upepo, upepo ambao umewafanya wataalamu wa umeme wautazame kwa matumaini kwa miaka mingi, na upepo huohuo ukivuma juu ya ziwa lenye kina kifupi huinua mawimbi mafupi yaliyosimama wima, yanayompiga mtu wa boti ndogo kwa haraka kuliko mawimbi marefu ya ziwa kubwa.

Kabla ya hoja, istilahi chache zielezwe. Mstari wa maji ni alama ambayo uso wa maji huichora ubavuni mwa chombo kinapoelea. Si mstari mmoja wa kudumu, kwani hupanda na kushuka kulingana na mzigo. Ngama ni sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, ambamo maji yaliyovuja, yaliyorushwa na mawimbi au yaliyonyesha hukusanyika. Nguzi ni tundu linalotobolewa chini au nyuma ya chombo, upande wa tezi, ili maji ya ngama yamwagwe chombo kikiwa nchi kavu, nalo huzibwa kwa kizibo kabla ya kuingia majini. Yapo pia matundu ya sitaha, yaani ya sakafu ya juu, ambayo huachwa wazi muda wote ili maji ya mvua na ya mawimbi yajitiririkie nje yenyewe; na lipo tundu la pampu, ambalo ni mwisho wa mpira unaotoa maji ngamani kwa nguvu ya betri au ya mkono. Matundu haya matatu yana kazi tofauti na hatari zake si sawasawa, lakini yote hukaa karibu na mstari wa maji kwa sababu ileile: fundi hutaka maji yatoke kwa njia fupi.

Hoja ya kwanza: mzigo hulishusha tundu

Archimedes wa Sirakusa, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, alionyesha kwamba chombo kinachoelea husukuma pembeni maji yenye uzito ulio sawa na uzito wake chenyewe, na kanuni hiyo inatosha kumpa mwenye boti hesabu anayoihitaji. Ichukuliwe boti yenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 2. Kwa kuwa omo yake, yaani sehemu ya mbele, imechongoka, eneo lake pale linapokatwa na uso wa maji halifiki mita za mraba 16, bali hukaribia 11. Ili boti hiyo ishuke sentimita 1, inabidi isukume lita 110 za maji, yaani ipokee mzigo wa kilo 110 hivi. Abiria kumi wenye kilo 70 kila mmoja ni kilo 700, nao wataishusha boti zaidi ya sentimita 6. Tundu la sitaha ambalo fundi aliliacha sentimita 5 juu ya maji, boti ikiwa tupu, sasa liko zaidi ya sentimita 1 chini yake, na hakuna aliyekosea popote katika safari hiyo: nahodha hakuzidisha mzigo, injini haikuharibika, upepo haujavuma. Kosa lilifanyika siku ya kutoboa, na lilifanyika kwa sababu kipimo kilichukuliwa kutoka kwenye boti tupu.

Hesabu hiyo imechukulia kwamba mzigo umesambaa sawasawa, jambo ambalo ni nadra. Injini ya nguvu farasi 40 ina uzito wa kati ya kilo 70 na 100, nayo hufungwa kwenye ubao wa nyuma kabisa. Tangi la mafuta huwekwa karibu nayo, betri hali kadhalika, na mwendeshaji hukaa hapohapo. Chombo hakishuki basi kama meza, bali tezi hushuka na omo hunyanyuka, na bahati mbaya ni kwamba nguzi na mara nyingi tundu la pampu vimewekwa tezini, mahali panaposhuka kuliko pote. Wasikilizaji wanaoishi karibu na maziwa wanaombwa watazame boti yoyote ndogo ya injini ikiwa imesimama na watu wawili wamekaa nyuma, kisha watazame umbali uliobaki kati ya maji na matundu yake. Kutazama huko kutawaeleza zaidi ya mchoro wowote.

Kuinama nako kuna hesabu yake. Boti yenye upana wa mita 2 ikilala upande mmoja kwa nyuzi 5 tu, mwinamo ambao abiria wawili wakiegemea ukingo mmoja ili kutazama kitu wanaweza kuuleta, tundu lililo ubavuni hushuka karibu sentimita 9. Ikilala kwa nyuzi 10, hushuka sentimita 17. Wavuvi wanaovuta wavu mzito wakiwa wamesimama upande mmoja wa boti huufikia mwinamo huo kila siku ya kazi. Mzigo na mwinamo vikijumlishwa, tundu linalostahili kuitwa la juu ya maji lingepaswa kuwa juu kwa sentimita 20 au zaidi boti ikiwa tupu, na boti ndogo nyingi hazina ubavu wa kuliweka hapo. Panapokosekana nafasi hiyo, jibu si kulitoboa chini na kuomba heri, bali ni kutolitoboa kabisa na kuyafua maji kwa ndoo.

Nguvu ya mzigo kubadili tabia ya chombo imekwisha kufundishwa nchini kwa gharama kubwa. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere, kilichosajiliwa kubeba abiria 101, kilipinduka karibu na gati la Ukara katika Ziwa Victoria kikiwa kimebeba watu wengi kuliko idadi hiyo, na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha. Matundu ya kutolea maji hayakuwa chanzo cha msiba huo, na haitakuwa haki kuutumia kana kwamba yalikuwa; unatajwa hapa kwa sababu unaonyesha kwamba chombo kilichopakia kupita kiasi si chombo kilekile kilichopimwa na mkaguzi. Kwa boti ndogo tofauti hiyo huja mapema zaidi, kwa mzigo ulio wa kawaida kabisa.

Hoja ya pili: tundu dogo si dogo

Watu wengi hukadiria tundu kwa jicho, na jicho hudanganyika, kwa kuwa tundu la milimita 25, linaloingia kidole gumba tu, halionekani kuwa kitu cha kuzamisha boti. Kanuni iliyotolewa na Evangelista Torricelli katika karne ya 17 husema kwamba kasi ya maji yanayopita tunduni hutegemea kina cha tundu chini ya uso wa maji. Kwa kuzingatia kwamba mkondo hubanwa ukingoni mwa tundu, hata kiasi halisi kikawa kama asilimia 60 ya kile cha kinadharia, tundu la milimita 25 lililozama sentimita 10 tu huingiza takriban lita 25 kwa dakika. Likizama sentimita 30, huingiza lita 43, yaani zaidi ya madumu mawili ya lita 20 kila dakika inayopita, na zaidi ya tani 2 na nusu kwa saa. Kipenyo kikiongezeka mara 2, maji huongezeka mara 4.

Mvuvi mwenye ndoo ya lita 10 atalazimika kutupa nje ndoo nne zilizojaa, na ya tano robo hadi nusu, kila dakika bila kupumzika, ili tu maji yasiongezeke. Pampu ndogo ya umeme, ile ambayo lebo yake huandikwa galoni 500 kwa saa, ni ya lita 1,900 kwa saa ikiwa ndani ya karatasi za kiwandani. Ikiyapandisha maji juu kwa mpira mrefu na betri iliyochoka, hutoa pungufu ya hapo kwa kiasi kikubwa. Pampu hiyo haiwezi kushindana na tundu moja la kidole gumba lililozama sentimita 30.

Jambo hili lina ubaya wa kujilisha lenyewe. Maji yanayoingia ni mzigo, mzigo hulishusha tundu, na tundu lililoshuka huingiza maji kwa kasi zaidi. Katika boti ya mfano, lita 110 za kwanza huishusha sentimita 1, nazo huingia kwa muda usiofika dakika 5. Lita zinazofuata huchukua muda mfupi zaidi. Zaidi ya hayo, maji yaliyo huru ndani ya chombo hayatulii: boti ikilala kushoto, nayo hukimbilia kushoto, yakaongeza mwinamo uleule ambao chombo kinajaribu kuuondoa. Ndiyo maana boti yenye maji ya kufika kifundo cha mguu huweza kupinduka ghafla ilhali ukingo wake bado uko juu ya ziwa.

Hoja ya tatu: pampu inayotoa maji huweza kuyaingiza

Hoja hii ndiyo inayowashangaza wengi, na kwa hiyo itachukua nafasi. Mwenye boti akinunua pampu ya umeme hujiona amenunua usalama, na kwa kiasi fulani ni kweli. Lakini pampu ndogo zinazozamishwa ngamani hufanya kazi kwa gurudumu lenye mapanga linalozunguka, na gurudumu hilo likisimama, hakuna kitu ndani yake kinachozuia maji kurudi yalikotoka. Mpira wa pampu ni njia iliyo wazi pande zote mbili.

Kila dereva aliyewahi kuhamisha mafuta kutoka kwenye tangi kwa kunyonya mpira anaifahamu nguvu inayohusika: mara kioevu kinapojaza mpira, huendelea kutiririka chenyewe kuelekea palipo chini, hata kama katikati ya safari mpira umepanda juu ya ukingo wa tangi. Boti yenye tundu la pampu lililozamishwa na mzigo hufanya vivyo hivyo. Pampu hufanya kazi, maji hutoka, mpira umejaa. Swichi inazimwa, na kwa kuwa maji ya ziwa yako juu kuliko ngama, mkondo hugeuka na ziwa huanza kuingia kupitia mpira uleule. Mwenye boti huona ngama imejaa tena, huiwasha pampu tena, na huenda akaendelea hivyo akiamini kwamba mbao zinavuja, mpaka betri iishe nguvu.

Dawa yake inajulikana na haihitaji fedha nyingi. Tundu la nje la pampu liwekwe juu iwezekanavyo, karibu na ukingo wa boti, na si karibu na ngama kwa ajili ya kuokoa mpira wa nusu mita. Mpira wenyewe upandishwe kutoka kwenye pampu hadi juu kabisa chini ya ukingo, ufanye upinde, ndipo ushuke kuelekea tunduni. Na pale juu ya upinde kiwekwe kitundu au kifaa cha kuingiza hewa, kwa sababu hewa ikiingia pale juu, uzi wa maji hukatika na mkondo hauwezi kurudi. Upinde usio na hewa huzuia mawimbi ya kawaida, lakini tundu la nje likizama kwa muda mrefu hauzuii mkondo uliokwisha kuanza.

Wapo wanaopendelea vali ya njia moja, yaani kifaa chenye kipande kinachofunguka maji yanapotoka na kujifunga yanapotaka kurudi. Vali hiyo ni msaidizi mzuri na mlinzi mbaya. Gamba moja la perege, uzi wa wavu au chembe ya unyasi ikikwama katika kipande hicho, vali hubaki wazi bila mtu kujua. Na katika maji ya chumvi kama ya Singidani, boti ikianikwa juani chumvi huganda palepale kwenye maungio, ama ikakishika kipande kikiwa wazi, ama ikakigandisha kikiwa kimefungwa, hata pampu ikanguruma bila kutoa tone. Anayeitumia lazima aifungue na kuisafisha mara kwa mara, na asiitegemee peke yake.

Hapa panafaa kutajwa pia desturi ya kufungua nguzi boti ikiwa mbioni. Boti inayokwenda kasi huacha mvuto nyuma yake, na mvuto huo huyanyonya maji ya ngama kupitia nguzi iliyofunguliwa, kwa hiyo waendeshaji hodari huitumia njia hiyo kukausha ngama bila pampu. Injini ikizimika ghafla, kwa mafuta machafu au kwa wavu kujiviringisha kwenye propela, boti husimama, wimbi lake lenyewe huifuata na kuipanda tezi, na nguzi iliyo wazi huanza kuingiza maji wakati ambapo mwendeshaji ameinama kushughulikia injini. Hodari wa jana hana nafuu yoyote katika dakika hizo. Desturi hiyo iachwe.

Hoja ya nne: boti huzama ikiwa imefungwa

Uzoefu wa kampuni za bima za Marekani, ambako boti ndogo ni mamilioni, umeonyesha kwamba boti nyingi zaidi huzama zikiwa zimefungwa kuliko zikiwa safarini. Sababu yake inaeleweka: safarini kuna macho, na usiku gatini hakuna.

Singida ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili, na mvua zake mara nyingi hushuka kwa nguvu na kwa muda mfupi. Boti iliyo wazi hupokea mvua kwa eneo linalokaribiana na lile inalokalia majini, na kwa hiyo mvua ya milimita 50 isiyopata pa kutokea huishusha boti kwa takriban sentimita 5. Mfano wa boti yenye matundu ya sitaha sentimita 5 juu ya maji urejewe: usiku mmoja wa mvua kubwa unatosha kuyafikisha matundu hayo kwenye uso wa ziwa iwapo yamezibwa na majani, magamba au vipande vya wavu, na iwapo takataka hizo zitasukumwa na maji na kuondoka wakati huo, basi ziwa lenyewe ndilo litakalopita. Kunapopambazuka mwenye boti hukuta omo tu imechomoza, na mara nyingi husingiziwa mtu.

Kwa sababu hiyo boti isiyolindwa ivutwe nchi kavu na nguzi ifunguliwe, na kizibo chake kifungwe kwa kamba palepale kwenye usukani au kwenye mshipi wa kuwashia injini, ili mwendeshaji asiweze kuondoka bila kukigusa kwa mkono wake. Kusahau kizibo ni kosa la watu waangalifu kama lilivyo la wazembe, na halizuiliki kwa kuonywa. Huzuilika kwa mpangilio wa vitu.

Hoja ya tano: jua, chumvi na mbao

Vifaa vya matundu huuzwa kwa bei tofauti, na tofauti hiyo ina maana. Bomba fupi la plastiki ya kawaida linalowekwa ubavuni hukaushwa na jua hadi likapauka na kufanya nyufa laini kuzunguka shingo yake. Kwa nje huonekana zima, likishikwa kwa nguvu hukatika. Shaba iliyochanganywa na zinki, inayotumika katika mabomba ya nyumbani, hupoteza zinki yake ikikaa katika maji ya chumvi, ikabaki kitu chenye rangi ya waridi na vitundu vidogo kama sifongo, kisicho na nguvu tena. Shaba iliyochanganywa na bati haina ugonjwa huo. Kiwango namba 9093 cha Shirika la Viwango la Kimataifa, kinachohusu vifaa vya matundu ya ubavuni katika boti ndogo, kilipotolewa mwaka 1994 kilikiita kifaa kuwa kinastahimili kutu endapo kingedumu miaka 5 bila kasoro ya kudhuru uimara wake. Boti za maeneo haya hutarajiwa kufanya kazi miaka mingi zaidi ya hiyo, na anayenunua boti iliyokwisha kutumika ajue kwamba huenda ananunua vifaa vilivyomaliza umri wake.

Mbao nazo zina desturi yao. Boti ikikaa nchi kavu miezi ya kiangazi, mbao husinyaa, kalafati hulegea, na kizibo cha mti kilichobana vizuri mwezi Aprili huchezacheza mwezi Oktoba. Kitambaa, gunzi la mahindi au kipande cha kandambili si kizibo: hubana ufukoni na hutoka mbioni. Kizibo cha dharura kinachofaa huchongwa kwa mti laini, kikawa chembamba mwanzoni na kinene mwishoni ili kiingie tundu la ukubwa wowote, na kikilowa huvimba na kuzidi kubana. Kila tundu liwe na chake, kimefungwa kwa kamba kando yake.

Hoja ya sita: nafasi zisizoonekana

Boti nyingi za fiba hutengenezwa kwa kuta mbili, na kati ya kuta hizo huachwa nafasi ya hewa, au huwekwa povu gumu, ili chombo kikijaa maji kisizame kabisa. Nafasi hiyo nayo hutobolewa nguzi yake ndogo ya kumwagia maji ya jasho na ya uvujaji. Kizibo cha nguzi hiyo kikikosekana, maji huingia mahali ambapo hakuna jicho linalofika: sakafu ni kavu, abiria wametulia, na boti inazidi kuwa nzito na goigoi. Mwendeshaji anayeona boti yake haipandi juu ya maji kwa kasi ileile ya wiki iliyopita asiilaumu injini kwanza.

Hewa iliyofungiwa ndiyo rafiki wa mwisho wa chombo, na Watanzania wana kumbukumbu nzito ya jambo hilo. MV Bukoba ilipopinduka tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza, katika msiba uliochukua maisha ya watu zaidi ya 800, ilibaki ikielea chini juu kwa muda, ikishikiliwa na hewa iliyonaswa ndani. Palipotobolewa tumbo lake kwa nia ya kuwaokoa waliokuwa hai ndani, hewa ilitoka na meli ikazama. Waliotoboa walikuwa wakijaribu kuokoa watu katika hali ya taharuki kuu, na kuwahukumu si kazi ya mhadhara huu. Kinachochukuliwa hapa ni kanuni tu, kwamba kila tundu ni njia ya hewa kutoka kama lilivyo njia ya maji kuingia, na kwamba nafasi ya hewa isiyozibwa haina thamani siku inapohitajika.

Sheria, na kazi iliyo mbele

Ulimwengu uliwahi kulishughulikia jambo hili kwa meli kubwa. Juhudi za Samuel Plimsoll, mbunge wa Uingereza, zilizaa sheria ya mwaka 1876 iliyolazimisha meli kuchorwa alama ya mzigo ubavuni, na Mkataba wa Kimataifa wa Mistari ya Upakiaji wa mwaka 1966 ukaweka masharti hata ya matundu ya kutolea maji na vali zake. Lakini mkataba huo ulihusu meli mpya zenye urefu wa mita 24 na kuendelea, na boti ya mita 8 ya Kitangiri iko mbali na masharti hayo. Nchini, ukaguzi na utoaji wa leseni za vyombo vidogo uko chini ya Shirika la Wakala wa Meli Tanzania (TASAC), na maofisa uvuvi pamoja na vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) ndio walio karibu zaidi na ufuko. Hao kwa pamoja wana uwezo wa kufanya jambo ambalo hakuna mkataba wa kimataifa utakaolifanya kwa niaba yao: kuongeza katika ukaguzi swali la kimo cha kila tundu juu ya maji, kikipimwa boti ikiwa na mzigo wake kamili.

Kipimo hicho ni rahisi. Viroba 14 vya mchanga vya kilo 50 ni uzito wa abiria kumi. Vikipangwa ndani ya boti pale abiria wanapokaa, injini na mafuta yakiwa mahali pake, mstari wa maji huchorwa kwa rangi ubavuni, na kimo cha kila tundu husomwa kwa futi ya fundi. Kisha viroba vichache huhamishiwa upande mmoja ili mwinamo uonekane, na tundu lolote litakalogusa maji huwekewa alama nyekundu, likazibwa moja kwa moja au likahamishiwa juu. Chuo cha VETA Singida kinaweza kuwafundisha vijana wake kazi hiyo pamoja na ufungaji wa upinde wa mpira wa pampu, kwa kuwa inahitaji msumeno, keekee na uvumilivu, vitu ambavyo chuo kinavyo tayari.

Inapendekezwa upimaji wa kwanza ufanyike Kitangiri kabla ya mvua za Novemba, boti zikiwa bado ufukoni na mbao zikiwa zimesinyaa, kwani wakati huo kasoro zote hujionyesha. Wavuvi waliopo wanaombwa watumie muda wa maswali unaofuata kueleza ni boti zipi zilizopo, za upana gani na zenye matundu mangapi, ili maofisa wa Halmashauri wajue ni viroba vingapi vya kujazwa na ni ufuko upi uanze.